Maisha ya Frank Hornby, Bwana wa Treni Ndogo

Sisi tunaosoma hapa Ngerengere tumezoea treni. Reli ya zamani, yenye upana wa mita 1, ilijengwa kutoka Dar es Salaam kupita hapa mpaka Morogoro katika miaka ya 1905 hadi 1907. Tangu mwaka 2024, treni za umeme nazo hupita katika reli mpya ya upana wa milimita 1,435. Lakini katika nchi nyingine wako watu, wakubwa kwa wadogo, ambao hujenga reli juu ya meza nyumbani mwao, pamoja na stesheni, madaraja na vilima, kisha huzipiga picha. Napenda kuwasimulia wasomaji habari za mtu mmoja aliyeueneza sana mchezo huo, Bwana Frank Hornby, kwa kuwa naona maisha yake yana neno kwetu sisi wanafunzi na kwa wazazi wetu pia.

Hornby alizaliwa tarehe 15 Mei 1863 katika mji wa Liverpool, mji wa bandari huko Uingereza. Babaye alikuwa mfanyabiashara wa vyakula. Kijana huyo aliacha shule akiwa na umri wa miaka 16, akawa karani wa fedha katika biashara ya babaye. Mwaka 1899 babaye alifariki na biashara ikafungwa. Hapo Hornby akapata kazi ya kuandika vitabu vya hesabu kwa Bwana David Elliott, aliyekuwa akiingiza nyama kutoka nchi za nje. Basi hakuwa mhandisi, wala hakuwa na karakana kubwa.

Alikuwa na wana wawili wa kiume, Roland na Douglas. Jioni, baada ya kazi, alikata bati kwa mkono wake na kuwatengenezea winchi ndogo na madaraja. Taabu ilikuwa moja: kila kifaa kilihitaji vipande vyake, na mchezo ulipokwisha vipande hivyo havikufaa kitu kingine. Baadaye yeye mwenyewe alisimulia kwamba dawa ya taabu hiyo ilimjia alipokuwa safarini ndani ya treni. Alikata vipande vyote kwa kipimo kimoja na kuvitoboa matundu yaliyoachana nusu inchi. Hapo kipande chochote kiliweza kufungwa na kingine kwa nati na skrubu. Winchi ya leo ikafunguliwa, na kesho ikawa daraja.

Mwaka 1901 alitaka kuiandikisha fikra hiyo serikalini, lakini hakuwa na fedha ya kutosha. Alimwendea tajiri wake, Bwana Elliott, akamkopesha pauni 5, na baadaye wakawa washirika. Vifaa hivyo vilianza kuuzwa mwaka 1902. Biashara haikukua upesi, kwani faida ya kwanza, nayo ndogo, ilipatikana mwaka 1906. Mwaka 1907 vikapewa jina la Meccano, na jina hilo likaenea duniani. Mwaka 1916 kampuni yake ilianza kutoa gazeti, Meccano Magazine, ambalo watoto waliona ndani yake picha za vitu vilivyojengwa.

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, treni nyingi za kuchezea zilizouzwa Uingereza zilitoka Ujerumani. Vita vilipokwisha, Hornby alileta zake mwaka 1920. Zilitiwa ufunguo kama saa, zikakimbia juu ya reli ya upana wa milimita 32, na mtoto aliweza kuzifungua na kuziunga tena. Treni yake ya umeme ilifuata mwaka 1925. Mwaka 1931 Hornby alichaguliwa kuwa Mbunge wa Everton, akakaa Bungeni mpaka 1935. Alifariki tarehe 21 Septemba 1936. Treni zenye jina lake zinauzwa hata leo.

Wanafunzi wenzangu, tazameni hesabu iliyomo katika mchezo huu. Wajenzi wengi hupunguza kila kitu mara 87. Chukueni reli yetu mpya ya milimita 1,435, gawanyeni kwa 87, mtapata karibu milimita 16.5, na huo ndio upana wa reli zao. Hata picha ina elimu yake. Ukipiga kutoka juu, treni itaonekana kitu cha kuchezea. Ukiishusha kamera mpaka usawa wa macho ya mtu mdogo aliyesimama stesheni, nuru ikitoka upande mmoja, behewa la bati huonekana kama la kweli.

Sasa nina neno kwa wazazi wetu, na nalisema kwa heshima. Mdogo wangu hutengeneza treni kwa makopo, waya, visoda na magurudumu aliyokata katika kandambili kuukuu. Mara nyingi huambiwa aache upuuzi akasome. Ni kweli, masomo hayana budi kusomwa. Lakini mtoto anapopima ili magurudumu mawili yalingane, naye yumo katika kusoma, ingawa hana daftari mkononi. Wengine huchomewa makopo yao jalalani, na dada zetu huambiwa kwamba kazi hiyo si yao. Bwana Elliott angaliweza kumcheka karani wake anayecheza na bati. Hakumcheka, alimkopesha. Sisi hatuombi pauni 5. Twaomba kona moja ya ukumbi, koleo la kukatia waya, na kuachwa tumalize tulichokianza. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji, na mikono yetu bado ni maji.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu