Edward Steere: Mwalimu Aliyeanza kwa Kusikiliza

Kila muhula wa mazoezi ya kufundisha unapokaribia, wanachuo wetu hapa Bigwa hutuletea swali lile lile. Mtoto wa mlimani husema Kiluguru na bibi yake, husoma masomo yake kwa Kiswahili, na katika kipindi cha Kiingereza hupewa kitabu ambacho maneno yake hayajui na mambo yake hajapata kuyaona. Mtoto huyu atapendaje kusoma? Tena kazi ya nyumbani atapewa ipi, ikiwa nyumbani hakuna kitabu, na taa huzimwa mapema?

Zipo kanuni nyingi za kulijibu swali hili, nazo zimeelezwa katika kozi zetu. Katika makala haya tumeona vema tujibu kwa njia nyingine, yaani kwa kusimulia maisha ya mtu aliyekabiliwa na shida ya aina hiyo miaka zaidi ya 150 iliyopita. Mtu huyo ni Edward Steere. Wengi humjua kama askofu aliyejenga kanisa kuu la Mkunazini, Unguja. Sisi hatuzungumzii hapa dini yake wala jengo lake. Twamtazama kama mwalimu wa kusoma.

Asili yake na safari ya Unguja

Steere alizaliwa London tarehe 4 Mei 1828. Alisoma katika University College ya mji huo, akahitimu sheria na kuwa mwanasheria. Baadaye aliiacha kazi hiyo akawa kasisi, na hatimaye akahudumia kijiji cha Little Steeping katika jimbo la Lincolnshire. Huko angeweza kumaliza umri wake kwa utulivu. Lakini mwaka 1863 rafiki yake William Tozer alifanywa askofu wa misheni iliyoanzishwa na vyuo vikuu vya Uingereza kufuatia wito wa David Livingstone, naye Steere akafuatana naye Afrika. Kituo chao cha kwanza kilikuwa Morambala, karibu na mto Shire. Hali ya mahali pale iliwashinda, na Agosti 1864 wakahamia Unguja.

Unguja ya wakati ule ilikuwa na soko kubwa la watumwa. Misafara ilitoka bara kwa njia nyingi. Mmojawapo wa njia hizo ulipita chini ya milima yetu ya Uluguru, kwenye mji wa Simbamwene uliojengwa na Kisabengo, ukashuka hadi Bagamoyo. Kwa hiyo habari hii, ingawa ni ya kisiwani, si ya mbali nasi hata kidogo.

Wanafunzi wa kwanza wa misheni walikuwa wavulana watano waliookolewa katika jahazi la watumwa, ambao Sultani Majid aliwakabidhi kwa Tozer. Baadaye walifuata wengine wengi, wavulana wakisoma Kiungani na wasichana Mbweni, nje ya mji. Watoto hawa walitoka katika makabila mbalimbali: Wayao, Wamakua, watu wa Ziwa Nyasa na wengineo. Hawakuwa na lugha moja baina yao, isipokuwa Kiswahili walichokuwa wakikiokota siku kwa siku. Hawakuwa na mama wa kuwasimulia hadithi jioni. Na mwalimu wao hakujua lugha ya hata mmoja wao.

Mwalimu anageuka mwanafunzi

Hapa Steere alikuwa na njia mbili. Njia nyepesi kwake ilikuwa kuwafundisha watoto kwa Kiingereza tangu siku ya kwanza na kuwaachia wao taabu yote ya kuelewa. Njia ya pili ilikuwa kujitwika taabu hiyo yeye mwenyewe. Alichagua ya pili. Alikaa na wenyeji wa Unguja, akauliza, akasikiliza, akaandika, akarudia kuuliza. Matunda ya kazi hiyo ni kitabu chake cha sarufi na msamiati wa Kiswahili kilichotolewa mwaka 1870, ambacho kilitumiwa na wanafunzi wa lugha kwa miaka mingi baada yake.

Wala hakuishia kwenye Kiswahili. Mwaka 1867 alitoa mkusanyo wa maneno na sarufi ya Kisambaa, mwaka 1871 wa Kiyao, na mwaka 1876 wa Kimakonde. Hakuidharau lugha kwa kuwa wasemaji wake hawakuwa na vitabu.

Hadithi, mtambo wa chapa na darasa

Steere aligundua upesi kwamba orodha ya maneno haimfundishi mtu lugha. Lugha hai imo katika masimulizi. Basi akaanza kuwaomba wasimulizi wa Unguja, miongoni mwao Hamisi wa Kayi, wamsimulie hadithi, naye akaziandika kama alivyozisikia. Mwaka 1870 hadithi hizo zilichapishwa London katika kitabu kimoja, ukurasa mmoja Kiswahili na ukurasa wa pili, ukiukabili, Kiingereza. Humo imo hadithi ya punda wa dobi, imo ya Sultani Darai na paa wake, na imo ya Liongo.

Misheni ilikuwa na mtambo wa kupiga chapa huko Unguja, na Steere aliwafundisha baadhi ya wavulana kupanga herufi za risasi na kuuendesha. Ndugu wanachuo, tafakarini jambo hili kwa makini. Mtoto anayepanga sentensi herufi kwa herufi, kisha akaiona imetokea juu ya karatasi, amejifunza kwamba maandishi si kitu kilichoshuka kutoka mbali. Ni maneno ya watu yaliyowekwa mahali yasipotee. Maneno aliyoyasikia barazani jana anaweza kuyasoma darasani leo. Watoto wengi wa madarasa yetu hawajaling'amua jambo hilo. Wao hudhani kusoma ni kutamka alama zilizo kitabuni kwa sauti kubwa, basi.

Kati ya hadithi za Steere iko moja ambayo kila mwalimu yafaa aijue, kwa kuwa ni ya mwalimu. Goso alikuwa akifundisha watoto chini ya mbuyu. Siku moja paa alipanda kuiba mabuyu, likaanguka moja likampiga mwalimu kichwani, akafa. Wanafunzi wakamzika, kisha wakaenda kumtafuta aliyemwua. Waliukamata kwanza upepo wa kusi. Nao ukajitetea kwamba lau ungekuwa na nguvu, usingezuiwa na kiambaza. Wakaenda kwa kiambaza, nacho kikamtaja panya anayekitoboa. Hivyo hivyo wakapita kwa paka, kamba, kisu, moto, maji na ng'ombe, kila mmoja akimtaja amshindaye, mpaka wakafika kwa paa. Paa hakuwa na la kujibu, wakamwua.

Hadithi ya mnyororo kama hii ni hazina katika kipindi cha lugha. Sentensi ni ile ile, inabadilika neno moja tu kila mara. Mtoto dhaifu anaipata kufikia kiungo cha tatu, na kufikia cha sita anaitabiri. Aidha, ina swali ambalo darasa zima litagombania kulijibu: je, wanafunzi wa Goso walitenda haki? Mtoto anayetaka kutetea rai yake atatafuta maneno, hata ya Kiingereza.

Hadithi za Waingereza kwa Kiswahili

Mwaka 1867, kabla ya kitabu chake kikubwa, Steere alikuwa ametoa kijitabu kilichoitwa Hadithi za Kiingereza. Ndani yake mlikuwa na hadithi nne za tamthilia za Shakespeare, miongoni mwazo ile ya mfanyabiashara wa Venisi na ile ya Mfalme Lear. Hakutafsiri tamthilia zenyewe. Alitumia masimulizi mepesi ambayo Charles na Mary Lamb walikuwa wamewaandikia watoto wa Uingereza mwaka 1807.

Twaona hapa kanuni ya kufundishia. Hadithi ya Mfalme Lear ni ngeni kwa mtoto wa Afrika, na Kiingereza nacho ni kigeni. Ukimpa vyote viwili kwa pamoja, umemtwisha mizigo miwili kichwa kimoja. Lakini mfalme mzee anayewagawia binti zake mali kabla ya kufa, kisha akafukuzwa nao, ni habari ambayo mtoto yeyote wa Kinole au Matombo ataielewa ikisimuliwa kwa lugha aijuayo. Akiisha kuielewa, Kiingereza chake kitakuja juu ya jambo analolijua. Kinyume chake pia ni kweli: hadithi ya kwao aijuayo ndiyo njia nyepesi ya kuingilia lugha asiyoijua.

Upungufu wake

Haitupasi kumsifu mtu bila kumpima. Steere aliandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi, akiona kwamba za Kiarabu hazionyeshi vizuri irabu zote za lugha hii. Hoja hiyo ilikuwa na msingi, lakini watu wa pwani walikuwa wakiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu tangu zamani. Utenzi wa Tambuka uliandikwa mwaka 1728. Pale ambapo herufi mpya zilifanywa ndiyo alama pekee ya elimu, msomi wa chuo cha Kurani alihesabiwa kuwa hajui kusoma. Huo ulikuwa udhalimu, na athari zake ziliendelea wakati wa ukoloni.

Tena, ingawa aliwataja baadhi ya wasimulizi wake katika utangulizi, jina lililobaki juu ya jalada ni lake. Nao watoto wa Kiungani, ambao lugha zao aliziandikia vitabu, walipewa majina mapya na malezi mapya, na mengi waliyotoka nayo kwao yakapotea. Mwalimu ajifunze na hapa: kuichukua hadithi ya mtu ni amana. Imtaje mwenyewe, na imrudie.

Miaka ya mwisho

Mkataba wa kulifunga soko la watumwa ulitiwa sahihi na Sultani Barghash tarehe 5 Juni 1873, na siku ya Krismasi mwaka huo jiwe la msingi la kanisa likawekwa mahali pale pale. Mwaka 1874 Steere alifanywa askofu. Mwaka 1876 aliwaongoza watu waliokombolewa kurudi bara, wakaanzisha makazi Masasi. Katika shughuli hizo zote hakuacha kutafsiri na kupiga chapa. Alifariki Unguja tarehe 27 Agosti 1882, akazikwa katika kanisa alilolijenga.

Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Maandishi ya Steere, yaliyotokana na vinywa vya watu wa Unguja, yalikuwa miongoni mwa yaliyoitayarisha njia hiyo. Mtoto wa Bigwa anayefungua kitabu chake leo anasoma, kwa sehemu, kile ambacho Hamisi wa Kayi na wenzake walikisema.

Kazi kwa mwalimu wa leo

Tukirudi kwenye swali la wanachuo wetu, twapendekeza hatua zifuatazo kwa darasa la tano na kuendelea.

Kwanza, kazi ya nyumbani iwe ya kusikiliza. Mwambie mtoto amwendee bibi au mjomba wake, asikie hadithi moja fupi, na aulize jina la aliyemsimulia yeye. Kazi hii haihitaji taa wala kitabu. Msichana aweza kuifanya akichambua maharage, na mvulana akitoka kuchota maji. Mzazi asiyejua kusoma naye anapata nafasi katika masomo ya mwanawe.

Pili, kesho yake watoto wasimulie kwa Kiswahili, na darasa lichague hadithi moja. Mwalimu aiandike ubaoni kwa sentensi zisizozidi kumi, pamoja na jina la msimulizi.

Tatu, darasa zima, likisaidiwa na mwalimu, liigeuze kwa Kiingereza chepesi. Ubao ugawanywe pande mbili, kama kurasa za kitabu cha Steere. Watoto wanakili pande zote mbili.

Nne, wasome kwa vikundi, wakigawana wahusika, na baadaye mmoja mmoja. Hapo ndipo mwalimu asahihishe matamshi, si mapema zaidi.

Tano, karatasi za muhula mzima zishonwe kwa uzi ziwe kitabu, kiwekwe darasani. Nakala ya kila hadithi irudishwe nyumbani, mtoto amsomee yule aliyemsimulia.

Njia hii ina gharama yake. Yahitaji mwalimu ajiandae, na zaidi yahitaji anyamaze wakati mtoto anasema. Mwalimu aliyepangwa katika shule ya mlimani bila kujua Kiluguru hana sababu ya kuona haya kuuliza neno kwa mwanafunzi wake. Aulize, aandike, na atamke mpaka darasa liridhike. Siku hiyo watoto watakuwa wamemwona kwa macho yao mtu mzima akijifunza lugha, nao watapata ujasiri wa kujaribu ya kwake.