Sinza kwa Remmy: Mfahamu mtu aliyeacha jina lake kwenye kituo cha daladala

Ukipanda daladala inayopita barabara ya Shekilango, kabla hujaimaliza Sinza utamsikia konda akiuliza kama kuna wa kushuka kwa Remmy. Watu wanashuka, wananunua vocha, wanadandia bodaboda, maisha yanaendelea. Muulize huyo konda Remmy ni nani, na kama ni kijana wa juzi atakwambia ni mzee mmoja alikuwa anakaa hapo. Hajakosea. Alikuwa anakaa hapo kweli.

Ila mzee huyo alikuwa na mambo yake. Aliongoza bendi iliyotoka Dar es Salaam ikaenda kupiga Ulaya, akatunga wimbo ambao redio ya taifa iliukataa na bado nchi nzima ikaujua, na mwishoni mwa maisha yake akautupa mkono muziki wa dansi uliompa jina lote hilo.

Jina lake kamili ni Ramadhani Mtoro Ongala. Alizaliwa mwaka 1947 pande za Kindu, mashariki mwa Kongo, enzi hizo nchi ikiwa bado chini ya Ubelgiji. Huko Maniema Kiswahili ni lugha ya nyumbani, kwa hiyo alipokuja kuimba Dar hakuwa anajifunza lugha ya wenyewe. Alikuja nacho Kiswahili chake, na lafudhi yake ya Kikongo hakuiacha mpaka mwisho.

Kuzaliwa kwake kuna kisa, na mwenyewe alipenda kukisimulia. Kabla yake mama yake alikuwa amezaa watoto wawili, wote wakafa. Alipopata mimba nyingine akaenda kwa mganga. Mganga akamwambia asiende kujifungulia hospitali, ajifungulie porini, na mtoto akizaliwa asinyolewe nywele. Mtoto akatoka na meno mawili ya mbele tayari yako kinywani. Kwa watu wa kule mtoto wa namna hiyo si wa kawaida, ana dalili ya uganga. Hapo ndipo wengine wanapoona asili ya ule udokta wake. Udokta wenyewe ulikuwa wa kupewa na mashabiki, si wa chuo chochote, lakini ulimkaa vizuri kuliko wa wengi waliousomea.

Baba yake alikuwa mpiga ngoma na mchezaji, kwa hiyo muziki ulikuwa ndani ya nyumba. Lakini nyumba yenyewe haikudumu. Wazazi wote wawili walifariki Remmy akiwa bado mdogo.  Shule ikaishia hapo. Yatima huyo akabaki na gitaa, na nchi yake ikaingia kwenye vurugu ambazo kila mtu mzima anazikumbuka.

Kuanzia katikati ya miaka ya 60 alikuwa mwanamuziki wa kuzunguka. Alipiga na vikundi vya vijana, Bantu Success ikiwa kimojawapo, na baadaye bendi kama Grand Mickey Jazz, huko Kongo na hata Uganda. Miaka zaidi ya kumi ikaenda hivyo, leo hoteli hii, kesho mji ule. Kama angeishia hapo, leo hakuna ambaye angemtaja.

Kilichobadilisha mambo ni wito wa mjomba. Mzee Makassy, naye Mkongo, alikuwa na bendi yake Dar es Salaam, Orchestra Makassy, na mwaka 1978 akamwita Remmy aje ajiunge naye. Akaja. Ni na bendi hiyo ndipo Remmy alipoanza kujulikana kama mtunzi, hasa kwa wimbo wa Siku ya Kufa alioutunga kumlilia rafiki yake aliyefariki. Mtu aliyezika wazazi wote wawili akiwa mtoto alijua anachokiimba. Kifo kilirudi kwenye nyimbo zake mara nyingi tu, na upo mmoja wenye jina hilohilo, Kifo, ambao kuna watu hadi leo hawawezi kuusikiliza wakiwa peke yao usiku.

Hapa kijana wa leo aelewe kidogo jinsi muziki ulivyokuwa. Bendi nyingi kubwa zilikuwa mali ya mashirika ya umma: jumuiya ya wafanyakazi ilikuwa na yake, jeshi na yake, polisi na yao, umoja wa vijana wa chama na Vijana Jazz yao pale Kinondoni. Mwanamuziki wa huko alikuwa na mshahara. Upande wa pili kulikuwa na bendi za watu binafsi, ambako mwenye vyombo ndiye mwenye bendi. Gitaa si lako, ampu si yako, spika si zako. Mwenye vyombo akikasirika, au akiona biashara hailipi, anakusanya vitu vyake na nyinyi mnabaki mnaangaliana.

Mwanzoni mwa miaka ya 80 Makassy akahamishia bendi yake Nairobi. Remmy hakwenda. Akabaki Dar, akajiunga na Orchestra Matimila, bendi iliyokuwa ya mfanyabiashara, na haikupita muda yeye ndiye akawa kiongozi na sura yake. Baadaye ikajulikana kama Super Matimila.

Kiongozi wa bendi ya dansi si mtu wa kusimama mbele na kijiti cha kuongozea kama wale wa orkesta za Ulaya. Yeye anatunga, anaimba, anapiga gitaa, anapanga nani aingie wapi, na wakati huohuo anaangalia kama mlangoni watu wanalipa. Matimila walikuwa na magitaa matatu yanayosukana, solo ya Batii Osenga ikipita juu, besi chini, tumba na saksafoni. Mapigo yalikuwa ya Kikongo ukiyasikiliza haraka, lakini yametulia zaidi, yanampa mwimbaji nafasi ya kusema. Remmy mwenyewe aliyaita Bongo Beat. Bongo ni akili, na Dar es Salaam bila akili huishi. Hilo hata leo halijabadilika.

Na kusema alisema. Nyimbo zake nyingi ni ndefu, katikati anaacha kuimba anaanza kuongea na wewe, kama jirani aliyekaa barazani. Mnyonge Hana Haki. Sauti ya Mnyonge. Nalilia Mwana, kilio cha anayetamani mtoto na hampati. Ndumila Kuwili, kwa wale wenye ndimi mbili. Wakati bendi nyingine zilikuwa zinagombea mapenzi na mafumbo ya kupigana vijembe, yeye aliimba njaa, kodi ya nyumba, maskini asiyesikilizwa. Mapenzi pia aliimba, ukisikiliza Karola au Kipenda Roho utajua. Lakini watu wa uswahilini walimpenda kwa yale mengine. Alijiita sura mbaya bila haya yoyote, akafuga rasta, akapanda jukwaani na mavazi ambayo mpita njia angesema ni mganga kweli. Nywele zile, kama alivyosimulia, zilinyolewa mama yake alipofariki. Aliziachia tena baada ya kumwona Bob Marley.

Jinsi alivyofika Ulaya ni bahati ya kanda. Rafiki mmoja Mwingereza alirudi kwao na kaseti ya Matimila, ikawafikia watu wa tamasha la WOMAD, lile lililoasisiwa na mwanamuziki Peter Gabriel na wenzake. Mwaka 1988 Remmy na bendi yake wakaalikwa kwenye ziara ya tamasha hilo Ulaya, na mwaka huohuo ikatoka albamu ya Nalilia Mwana. Mwaka 1989 wakarekodi kwenye studio za Real World kule Uingereza albamu ya Songs for the Poor Man, yaani nyimbo za mtu maskini. Ya Mambo ikafuata mwaka 1992, na humo aliweka nyimbo za Kiingereza ili wenyeji wake nao waelewe anawaambia nini.

Fikiria kidogo. Nyumbani bendi ilirekodi RTD, wimbo unapigwa redioni kila siku, na mtunzi anabaki na sifa tu. Kanda zinanakiliwa na kuuzwa mitaani, hapati kitu. Huko nje ndiko ambako wimbo wake ulitoka kwenye sahani yenye jina lake juu, na safari hizo ndizo zilizoiwezesha bendi kupata vyombo vyake yenyewe. Mimi kwa mtazamo wangu hilo la vyombo lilikuwa kubwa kuliko hata albamu. Mtu aliyekuwa anapiga gitaa la mwenye nalo sasa anapiga lake.

Halafu likaja la soksi.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983. Miaka michache tu baadaye ugonjwa ulikuwa umefika kila mkoa, na watu walikuwa wanazika bila kutaja jina lake. Ilikuwa aibu, ilikuwa siri, marehemu aliugua malaria, aliugua kifua, alirogwa. Kondomu ndiyo kabisa, hilo lilikuwa neno la kunong'ona. Remmy akatunga Mambo kwa Soksi. Soksi ni kondomu, na kila aliyesikia alielewa. Alisema wazi kwamba ugonjwa upo, unaua, na njia ya kujikinga ni hii.

Radio Tanzania ikakataa kuupiga. Na kumbuka wakati huo hakukuwa na redio binafsi. Redio binafsi zilikuja katikati ya miaka ya 90. Wimbo uliokataliwa RTD ulitakiwa ufe. Huu haukufa. Ukapigwa kumbi za dansi, kaseti zikazunguka kwenye mabasi na vilabu, na neno soksi likaingia kwenye mazungumzo ya watu. Unaweza kusema waliokataa walikuwa na sababu zao za maadili, watoto wanasikiliza redio, wazee wapo sebuleni. Sawa. Lakini makaburi yalikuwa yanajaa, na huyu mwimbaji wa dansi aliona hilo mapema kuliko wengi waliolipwa kuliona.

Sinza enzi hizo ilikuwa wilaya ya Kinondoni (siku hizi iko Ubungo), na ndipo Remmy alipoweka makazi na mkewe Toni, Mwingereza, na watoto wao. Mji ulikuwa unapanuka, viwanja vinapimwa, daladala zinafika, na konda anahitaji jina la kituo. Mitaa yetu huwa haingoji manispaa ije na kibao. Kama kuna mti mkubwa, kituo kinaitwa kwa mti. Kama kuna Remmy, kinaitwa kwa Remmy.

Miaka ya 90 ilipozidi kwenda mambo yakapungua. Muziki wa kizazi kipya ukaingia, kumbi za dansi zikapoteza watu, bendi nyingi zikalegea. Remmy naye afya ikaanza kumgomea. Alikuwa na kisukari, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 akapata kiharusi kilichomlegeza mwili. Mtu aliyekuwa anaruka jukwaani akawa wa kushikwa mkono.

Ndipo aliposhangaza watu kwa mara ya mwisho. Aliokoka. Rasta zikanyolewa, dansi akaiacha, akaanza kuimba injili. Mwenzake wa Matimila, mwimbaji Cosmas Chidumule, naye alipita njia hiyo. Mashabiki waligawanyika. Kuna waliofurahi naye, na kuna waliohisi wameibiwa mtu wao, maana Remmy bila rasta kwao alikuwa kama mtu mwingine kabisa. Ukizisikiliza nyimbo zake za zamani, lakini, unaona alikuwa anahubiri siku zote.

Alifariki nyumbani kwake Sinza tarehe 13 Desemba 2010, akiwa na miaka 63, na akazikwa kwenye makaburi ya Sinza. Wapenzi wa soka wanamjua mwanawe Kally Ongala, aliyecheza Yanga na Azam na baadaye akawa kocha. Binti yake Aziza ameshika maiki kama baba.

Bendi zake, kanda zake za RTD, mavazi yake ya jukwaani, hivyo kila kimoja kimeenda upande wake. Kituo kipo palepale. Jioni foleni ya Shekilango ikisimama, konda anagonga bodi, anataja jina la yatima wa Kindu, na abiria watatu wanne wanajisogeza mlangoni.