Hans Berger

Hans Berger (21 Mei 1873 – 1 Juni 1941) alikuwa daktari wa magonjwa ya akili na mtafiti wa ubongo kutoka nchini Ujerumani. Anajulikana hasa kama mtu wa kwanza kurekodi umeme wa ubongo wa binadamu. Ndiye aliyeipa rekodi hiyo jina la elektroensefalogramu, ambalo siku hizi hufupishwa kuwa EEG. Kipimo hicho hutumika hospitalini kuchunguza kifafa na matatizo ya usingizi, na katika maabara za saikolojia kufuatilia mabadiliko ya ubongo mtu anapojifunza kwamba jambo moja hufuatwa na lingine.

Maisha ya awali

Berger alizaliwa Neuses, karibu na mji wa Coburg. Baba yake alikuwa daktari, na mama yake alikuwa binti wa mshairi Friedrich Rückert. Alianza masomo ya chuo kikuu akikusudia kuwa mwanaastronomia, lakini baada ya muda mfupi aliyaacha akajiunga na jeshi la wapanda farasi.

Siku moja katika mazoezi farasi wake alishtuka, naye akaanguka mbele ya gari la mzinga lililokuwa likija. Gari lilisimamishwa likiwa limekaribia kumkanyaga, akanusurika. Siku hiyohiyo alipokea telegramu kutoka kwa baba yake ya kumjulia hali, kwa sababu dada yake, aliyekuwa mbali, alikuwa ameshikwa na hofu kwamba kaka yake yumo hatarini. Berger aliamini kwamba mawazo yake yalimfikia dada yake moja kwa moja. Akaamua kusomea udaktari mjini Jena ili atafute nguvu iliyomo katika mawazo na namna ya kuipima.

Kazi mjini Jena

Mwaka 1897 alihitimu, akaajiriwa katika kliniki ya magonjwa ya akili ya Chuo Kikuu cha Jena chini ya Otto Binswanger. Alifanya kazi huko hadi alipostaafu, isipokuwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia alipokuwa daktari wa jeshi. Mwaka 1919 alikuwa mkurugenzi wa kliniki, na mwaka 1927 alichaguliwa kuwa mkuu wa chuo kikuu.

Kwanza alipima mzunguko wa damu ndani ya ubongo, kisha joto la ubongo. Njia zote mbili hazikumpa jibu alilotaka. Akageukia umeme. Tangu mwaka 1875 ilijulikana kwamba ubongo wa wanyama hutoa umeme, kwa kuwa Mwingereza Richard Caton aliupima katika sungura na nyani.

Kurekodi mawimbi ya ubongo

Mwaka 1924 Berger alifaulu kupata rekodi ya kwanza kutoka kwa kijana wa miaka 17 aliyekuwa amepasuliwa fuvu. Umeme huo ni mdogo mno: juu ya ngozi ya kichwa hupimwa kwa mikrovolti, na mikrovolti moja ni sehemu moja ya milioni ya volti. Kwa hiyo alikuwa na wasiwasi kwamba huenda alichokiona kinatoka kwenye moyo au misuli. Alirudia vipimo kwa wagonjwa na kwa watu wenye afya, akiwemo mwanawe Klaus, na kuyalinganisha mawimbi hayo na mapigo ya moyo. Alichapisha makala yake ya kwanza mwaka 1929, yaani miaka mitano baadaye.

Berger alitambua aina mbili za mawimbi. Mawimbi ya alfa, yapata 10 kwa sekunde, huonekana mtu anapotulia na kufumba macho. Anapofumbua macho au kufanya hesabu kichwani, hupungua, na mawimbi madogo yenye kasi zaidi, ambayo Berger aliyaita beta, hubaki. Hivyo iliwezekana kuona kwenye karatasi tofauti kati ya ubongo uliotulia na ubongo unaofanya kazi.

Wataalamu wengi hawakumwamini. Mwaka 1934 Edgar Adrian, aliyekuwa tayari amepata Tuzo ya Nobel, pamoja na Bryan Matthews, walirudia vipimo hivyo huko Cambridge, Uingereza, wakathibitisha kwamba Berger alisema kweli.

Utawala wa Wanazi na kifo

Berger alistaafu mwaka 1938. Kwa muda mrefu iliandikwa kwamba alifukuzwa na Wanazi. Uchunguzi wa nyaraka uliofanyika baadaye umeonyesha vingine: alikuwa mwanachama mfadhili wa SS, tena alikaa kwenye mahakama ya rufaa ya Jena iliyoamua kesi za watu walioamriwa kufungwa kizazi kwa nguvu kwa madai ya magonjwa ya kurithi. Miongoni mwa walioathiriwa na sheria hiyo ya mwaka 1933 walikuwa wagonjwa wa akili na wenye kifafa, yaani watu walewale ambao kipimo chake kingeweza kuwasaidia.

Baada ya kustaafu aliugua sonona, akajiua mjini Jena tarehe 1 Juni 1941.

Urithi

Nguvu ya kusafirisha mawazo kati ya watu Berger hakuipata. Hata hivyo, kipimo chake kilifungua njia ya kuchunguza kujifunza. Mwaka 1935 huko Ufaransa, Gustave Durup na Alfred Fessard waliona kwamba mtu aliyezoea kusikia sauti fulani kabla ya mwanga kuwaka, mawimbi yake ya alfa hupungua kwa sauti peke yake, hata kama mwanga hauji.

Mwaka 1964 William Grey Walter na wenzake huko Bristol, Uingereza, waliwapa watu ishara ya kwanza, na sekunde moja baadaye ishara ya pili ambayo walipaswa kuijibu kwa kubonyeza kitufe. Mtu alipokwisha kujua mfuatano huo, wimbi la polepole lilijitokeza kati ya ishara hizo mbili. Ishara ya pili ilipoondolewa, wimbi hilo lilififia kidogo kidogo. Kwa kuwa wimbi la namna hiyo humezwa na mawimbi mengine ya ubongo, jaribio hurudiwa mara nyingi na wastani wake kukokotolewa. Njia hiyo bado inatumika katika utafiti wa kujifunza, kumbukumbu na lugha.