HAYATI WANGARI MAATHAI, BINTI WA MAABARA

Wengi wetu tukisikia jina la hayati Profesa Wangari Maathai hufikiria miti tu. Mimi nataka kuwaeleza habari za Wangari wa maabara.

Alizaliwa tarehe 1 Aprili 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri. Alimaliza sekondari huko Loreto, Limuru, mwaka wa 1959. Mwaka uliofuata alikuwa miongoni mwa Wakenya karibu 300 waliopelekwa Marekani kusoma. Yeye aliingia chuo cha Mount St. Scholastica, jimbo la Kansas, akasomea bayolojia.

Hapa ndipo penye funzo. Likizo moja, akiwa bado chuoni, Wangari hakukaa bure. Alifanya kazi katika maabara ya hospitali moja mjini Kansas City, akajifunza kutayarisha tishu. Kazi hiyo si mchezo ati! Kipande cha mwili hutiwa dawa kisioze, huondolewa maji kwa spiriti, hugandishwa ndani ya nta, hukatwa vipande vyembamba kuliko karatasi, kisha hutiwa rangi na kutazamwa kwa hadubini. Kitabuni utaisoma kwa dakika tano, lakini mkono hauzoei ila kwa kurudia. Alihitimu mwaka wa 1964, akaendelea na kazi ya tishu alipokuwa akisomea shahada ya pili huko Pittsburgh.

Mwaka wa 1966 alirejea nyumbani akiwa na barua ya kazi kutoka chuo kikuu cha Nairobi. Lo! Alipofika akaambiwa nafasi imeshapewa mtu mwingine. Mwenyewe aliamini kuwa alinyimwa kwa sababu ya kabila lake na kwa kuwa ni mwanamke. Kumbe Mungu si Athumani. Profesa mmoja Mjerumani, Reinhold Hofmann, alikuwa akianzisha idara ya anatomia ya mifugo katika chuo hicho hicho, naye alihitaji mtu anayejua kazi ya tishu. Wangari akaajiriwa. Barua ilikuwa karatasi tu, lakini ujuzi wa mikono hakuna aliyeweza kumpokonya.

Mwaka wa 1971 akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na ya Kati kupata shahada ya udaktari. Hata hiyo miti ilitokana na sayansi. Alipokuwa akikusanya kupe vijijini nje ya Nairobi kwa utafiti wa ndigana, aliona mito imejaa matope na ng'ombe wamekonda. Mwaka wa 1977 akaanzisha Green Belt Movement, na mwaka wa 2004 akatunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel. Alifariki tarehe 25 Septemba 2011.

Nayaandika haya kwa sababu dada yangu yuko chuoni akisomea kazi ya maabara. Kila asubuhi hutoka hapa Changamwe na bahasha yake kutafuta mahali pa kufanyia mazoezi, na jioni hurudi ameambiwa njoo kesho. Majirani wanamcheka, eti anatafuta kuosha chupa bila mshahara na nauli anaimaliza. Mimi simcheki. Nikimaliza kidato cha nne nataka kufuata njia hiyo hiyo.

Kwa hivyo wenzangu, tukiitwa maabara kupanga vifaa au kuosha mirija, tusikimbilie kengele. Achanikaye kwenye mpini hafi njaa.