Sørensen: Mtoto wa mkulima aliyetupa pH akiwa maabara ya bia

Ukipita Mnyuzi, wilayani Korogwe, pale reli ya kutoka Ruvu inapoungana na ile ya Tanga, mashamba ya mkonge hayako mbali. Aliyewahi kufanya kazi korona anayajua maji ya jani likisagwa: yanawasha mikono, na yakikaa yanachacha na kunuka. Yana asidi. Asidi kiasi gani? Jibu linatolewa kwa namba iliyobuniwa Copenhagen, Denmark, mwaka 1909.

Aliyeibuni ni Søren Sørensen. Alizaliwa Januari 9, 1868, kijiji cha Havrebjerg, baba yake mkulima. Alianza kusomea udaktari Chuo Kikuu cha Copenhagen, kemia ikamteka, akahama. Mwaka 1901 akachukua nafasi ya Johan Kjeldahl kuongoza idara ya kemia ya maabara ya Carlsberg.

Ndiyo, Carlsberg hao hao wa bia.

Huko alichunguza vimeng'enya, na hivi vina deko: asidi ikizidi vinagoma, ikipungua sana vinagoma pia. Wenzake wengi walipima asidi kwa kuangalia wameweka kiasi gani. Sørensen akaona kipimo hicho kinadanganya. Cha muhimu ni chembe za hidrojeni zenye chaji zinazoelea huru. Asidi ya siki huachia chache, ya betri huachia nyingi mno, hata kama umeweka kiasi kile kile.

Shida ikawa namba zenyewe. Kwenye maji safi chembe hizo ni moli 0.0000001 kwa lita. Nani ataandika sifuri zote hizo kila siku? Yeye akahesabu nafasi za desimali tu, akapata 7. Chini ya 7 ni asidi, juu yake ni besi. Ila angalia, hatua moja ni mara 10: pH 4 ina asidi mara 100 kuliko pH 6. Wengi huteleza hapa kwenye mtihani.

Kinachosahaulika ni nusu ya pili ya kazi yake. Ili upime, unahitaji cha kulinganishia kisichoyumba, wakati maji safi hubadilika pH hata kwa kupuliziwa pumzi. Akapanga seti ya bafa, yaani michanganyiko ya asidi dhaifu na besi yake, kama ile ya fosfeti. Ukidondoshea asidi, besi inaimeza. Ukidondoshea besi, asidi inaimeza. pH inasogea kidogo tu. Damu yako hutumia ujanja huo huo kubaki karibu na 7.4.

Mkewe, Margrethe Høyrup Sørensen, alifanya naye kazi maabara. Ni nadra kumsikia akitajwa darasani.

Mwaka 1934 Mmarekani Arnold Beckman akatengeneza mashine ya kupima pH, kisa kikiwa juisi ya malimao. Watu wa Muheza na machungwa yao wataelewa. Sørensen alistaafu 1938 na kufariki Februari 12, 1939, bila Nobel.

Turudi kwetu. Hale, jirani na Mnyuzi, kulijengwa mtambo wa kugeuza mabaki ya mkonge kuwa gesi ya kuzalisha umeme. Bakteria wa gesi hiyo wanataka pH karibu na 7. Mabaki yakichacha kupita kiasi, bafa iliyomo inazidiwa, pH inashuka, gesi inakata.

Shambani nako si mchezo. Mkonge hunyonya kalsiamu nyingi, na miaka ikipita udongo unakuwa na asidi. Dawa ni chokaa. Lakini mashamba mawili yenye pH 5 hayahitaji chokaa sawa: udongo wa mfinyanzi una bafa kubwa kuliko wa kichanga, kwa hiyo unabisha zaidi. Anayeangalia pH peke yake anaweza kununua mifuko, akaimwaga yote, na mwakani akipima akakuta namba imesogea kiduchu.