Mzee Ojwang: Mkikuyu aliyetuchekesha kwa ulimi wa Mluo

Kama ulizaliwa baada ya 2005, huenda Mzee Ojwang unamjua kwa vile vipande vifupi vya video ambavyo watu hutumiana WhatsApp. Sisi tuliokutangulia kidogo tulimjua kwa kugombania benchi.

Nilikulia kwenye kambi ya wafanyakazi wa majani chai, upande ule wa Kericho ambao ukishuka unafika Litein na ukizidi kuteremka unaingia Bomet. Kambi nzima ilikuwa na televisheni moja ya maana, na ilikaa kwenye holi, juu kabisa, ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli. Ufunguo alikuwa nao mzee mmoja tu. Siku ya Vitimbi hata wakorofi wa kambi walimsalimia kwa heshima.

Mvua ya Kericho unaijua, haina adabu. Ikinyesha saa za jioni, picha inajaa chengachenga, kijana mmoja anatumwa nje kuzungusha mlingoti wa eriali huku sisi ndani tukimpigia kelele arudishe kidogo, asogeze kidogo, aache hapo hapo. Alikosa nusu ya kipindi, maskini, lakini kesho yake alikuwa shujaa. Wachumaji chai waliingia na gumboti, wengine bado wana harufu ya majani mabichi mikononi. Mkisii alikaa hapa, Mluhya pale, Mluo nyuma yake, sisi Wakipsigis tumejazana mbele. Halafu Mzee Ojwang anatokea, hata hajafungua mdomo, na holi lote limeshaangua kicheko.

Jina lake halisi lilikuwa Benson Wanjau.

Soma tena hilo jina. Wanjau si jina la Kisumu wala Siaya. Mzee Ojwang alikuwa Mkikuyu. Kwa miaka mingi alivaa jina la Kijaluo, akaongea Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo, na akakivaa sawasawa hivi kwamba Waluo wenyewe walimhesabu kuwa wao. Pale kambini kulikuwa na mama mmoja jirani yetu, mwenyeji wa Siaya, aliyekuwa tayari kuapa kwamba anaujua ukoo wa Ojwang na anamjua binamu yake. Alipoambiwa kwamba mtu wake ni Wanjau, alikataa katakata. Nadhani mpaka leo hajakubali.

Wanjau alikuwa wa kizazi cha waigizaji walioijenga televisheni ya Kiswahili nchini Kenya tangu enzi za Sauti ya Kenya, stesheni iliyokuja kuitwa KBC mwaka wa 1989. Kabla ya KTN kuanza kurusha matangazo mwaka wa 1990, hakukuwa na chaneli nyingine ya kubadilishia. Na hata baada ya hapo, huku kwetu milimani KBC ndiyo iliyoshika, zingine tulizisikia kwa watu waliotoka Nairobi. Alionekana katika vipindi kama Darubini na Vioja Mahakamani, lakini Vitimbi ndicho kilichomfanya awe mtu wa kila nyumba.

Mle ndani alikuwa mume wa Mama Kayai, ambaye jina lake halisi ni Mary Khavere. Ojwang mjanja, Mama Kayai mkali, na katikati yao ugomvi usioisha. Walielewana kiasi kwamba watu wengi waliamini ni mke na mume kwelikweli. Haikuwa hivyo. Kila mmoja alikuwa na maisha yake, kamera ikizimwa kila mtu anarudi kwake. Lakini jaribu kumweleza hayo nyanya yangu. Kogo alikuwa akimlaumu Mama Kayai kana kwamba ni mkwe wake, eti anamnyanyasa mzee wa watu.

Mtindo wa vipindi vile ulikuwa wazi: kila mhusika alibeba lafudhi ya kwao. Sisi Wakalenjin tulikuwa na Masanduku arap Simiti kule Vioja Mahakamani, na akifungua mdomo tulichekwa kambi nzima. Siku ya pili ikawa zamu ya Mkamba, siku ya tatu Mkisii. Leo kuna watu wanaouliza, na wana haki ya kuuliza, kama haikuwa kudharauliana. Mimi nasema inategemea anayeigiza. Kuna mtu anaiga lafudhi yako ili akufanye mjinga. Wanjau hakumfanya Ojwang mjinga. Ojwang alikuwa na tamaa, alikuwa na maneno mengi, aliingia kwenye shida za kujitakia, lakini alijipenda, na sisi tukampenda. Ndiyo maana yule mama wa Siaya alijivunia binamu wa kubuni.

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo hainichekeshi.

Mwishoni mwa Desemba 2007 matokeo ya uchaguzi wa rais yalitangazwa, na unajua kilichofuata. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini. Bonde la Ufa liliwaka kuliko kwingine, na mashamba ya chai ya Kericho hayakubaki salama. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Nakumbuka holi likiwa limefungwa. Nakumbuka majirani Wakisii wakifunga magodoro usiku, na asubuhi mlango wao uko wazi, ndani kumebaki sufuria moja na kalenda ukutani. Vizuizi viliwekwa barabarani, watu wakaulizwa majina, wakaulizwa vitambulisho.

Miaka kadhaa baadaye, nilipojua kwamba Ojwang ni Wanjau, hili ndilo lililonijia kwanza, hata kabla ya kucheka. Mtu aliyeitwa Ojwang angepita vizuizi vingi vya upande wetu mwezi ule bila kuguswa, maana kisiasa Wajaluo na Wakalenjin walikuwa chama kimoja. Mtu aliyeitwa Wanjau je? Alikuwa mzee yule yule, mwenye sauti ile ile iliyotufanya tushikane mbavu, na karatasi ndogo mfukoni ingetosha kumgeuza adui. Wale vijana waliosimama kwenye vizuizi walikuwa wamekaa nasi kwenye benchi zile zile. Mmoja wao, naapa, ndiye aliyekuwa akizungusha eriali.

Sisemi kwamba kuchekeshwa pamoja kunaponya nchi. Kungekuwa kunaponya, kambi yetu ingepona zamani, maana tulicheka sana. Ninachosema ni kwamba Wanjau alituonyesha jambo ambalo hatukuliangalia vizuri: kwamba ukabila ni kitu mtu anaweza kukivaa jioni na kukivua akienda kulala, na chini yake akabaki mtu. Tulilitazama miaka na miaka, tukadhani ni mchezo.

Kambi ilijaa tena polepole. Wengine walirudi, wengine hawakurudi kamwe. Holi likafunguliwa na Vitimbi kikaendelea, ila nakumbuka watu walikuwa wanakaa kwa makundi, na kicheko kilikuwa kinachelewa kidogo.

Wanjau naye umri ulikuwa unasonga. Wengi wa kizazi chake walilipwa kwa kipindi, si mshahara wa kumtunza mtu uzeeni. Tuliona sura zao kila wiki tukadhani ni matajiri. Kwetu sisi mtu akishaonekana kwenye TV ni lazima awe na gari na nyumba ya ghorofa. Kumbe mtu anaweza kujulikana na nchi nzima na bado asiwe na nauli ya kwenda kliniki.

Macho yakaanza kumsumbua. Yalipozidi, ikabidi ombi litolewe kwa umma, na Wakenya wakachanga ili atibiwe. Hilo ni jambo jema, na waliochanga Mungu awabariki. Lakini tujiulize kidogo. Mtu ametumikia taifa kwa miongo kadhaa, halafu uzeeni tunampitishia kofia. Tulimlipa kwa huruma kile ambacho alistahili kulipwa kama jasho.

Jumapili usiku, tarehe 12 Julai 2015, Benson Wanjau alifariki katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, Nairobi, alikokuwa akitibiwa nimonia. Alikuwa na umri wa miaka 78. Asubuhi yake redio zote zilikuwa naye. Niko sure kwamba hata wale ambao hawakuwa wametazama KBC kwa miaka kumi walisimama kidogo. Mimi nilikuwa tayari nimehamia mjini, nikapiga simu nyumbani kuwapa habari, nikakuta wameshajua. Kogo aliniuliza swali moja tu: Mama Kayai sasa atabaki na nani?

Zaidi ya miaka kumi imepita. Siku hizi vichekesho viko mfukoni. Kijana wa Bomet mwenye simu ya elfu kumi anaweza kujirekodi kati ya mistari ya chai, akavaa leso ya mamake na kuiga mama wa Kisii au mhindi wa duka, na kabla ya jioni ametazamwa na watu kuliko wanaojaa uwanja wa michezo. Mazee, hiyo ni nguvu ambayo Wanjau hakuwahi kuwa nayo. Alihitaji stesheni ya serikali, kamera ya serikali, na kijana wa kuzungusha eriali.

Kama wewe ni mmoja wa hao vijana, kuna mambo mawili ya kuchukua kwa Mzee Ojwang. La kwanza ni la pesa. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inamtambua mwigizaji na kumpa haki juu ya kazi yake. Isome, au mtafute anayeielewa akueleze, kabla hujatia sahihi kwa furaha ya kuonekana. Weka akiba mapema, lipa bima ya afya. Usingoje macho yaanze kuuma.

La pili ni la ile lafudhi unayoiga. Kabla hujabonyeza kitufe cha kurusha, jiulize kama mwenye lafudhi hiyo akikuona atakutukana, au ataapa kwamba anamjua binamu yako. Wanjau alilipita jaribio hilo kila wiki, mbele ya Waluo wenyewe, kwenye holi lililojaa watu ambao baadaye walishindwa kukaa benchi moja.

Yule mama wa Siaya bado yuko kambini. Nilimwona Krismasi iliyopita, amezeeka, lakini sauti iko pale pale. Nikamchokoza tena kuhusu Wanjau. Akanitazama kama mtoto asiyejua kitu, akanimiminia chai, akabadilisha mada.