Jean Mermoz, piloti mwenye hakupata diploma

Mutoto akisema anataka kuendesha ndeke, wazazi wengi wanauliza kwanza: je, kompani itamupokea mutu mwenye hana diploma ya univerisite? Maisha ya Jean Mermoz, Mufaransa mwenye jina lake limepewa lise za Dakar na Abidjan, yanajibu swali hilo kwa njia yake.

Mermoz alizaliwa tarehe 9 Desemba 1901 huko Aubenton, kaskazini mwa Ufaransa. Wazazi wake waliachana angali mudogo sana, na sehemu kubwa ya utoto wake aliipitisha kwa wazazi wa mama yake. Kisha akamufuata mama yake Paris. Mama huyo alikuwa muuguzi, anamulipia kijana wake masomo kwenye lise Voltaire. Alipofika kwenye mutihani wa bac, ni kusema ile yenye sisi tunaita diploma ya Leta, Mermoz akaanguka. Univerisite ikawa imefungwa mbele yake.

Mwaka wa 1920 akaingia katika jeshi kwa miaka mine, akachagua upande wa ndeke. Shule ya Istres haikuwa muchezo. Alipata ajali, akaumia, akarudia, mpaka akapata breve ya piloti katika mwaka wa 1921. Kisha wakamutuma Siria. Kule, juu ya jangwa, alifanya masaa mamia ya kuruka, na siku moja ndeke ilipomuangusha mbali na watu, ilimubidi atembee kwa miguu, kiu karibu imuuwe.

Alipotoka jeshini mwaka wa 1924, alifikiri kazi itakuwa rahisi. Haikukuwa hivyo. Vita ilikuwa imeacha wapiloti wengi, na nafasi zilikuwa kidogo. Mermoz alizunguka Paris akipiga mulango huu na ule. Breve alikuwa nayo, masaa alikuwa nayo, lakini chakula hapana. Alifanya kazi ya kuandika adresi kwenye bahasha ili apate kitu cha kula, na usiku alilala mahali maskini wanalala. Tusijidanganye: kukosa diploma kulimufungia pia kazi zingine zenye zingeweza kumusaidia wakati ule wa njaa.

Kisha barua moja ikafika kutoka Toulouse. Kompani ya Latécoère, yenye ilikuwa inapeleka barua za posta mpaka Casablanca, ilimuita. Mukubwa wa kazi pale alikuwa Didier Daurat, piloti wa zamani wa vita, mutu wa maneno kidogo. Daurat alitazama masaa ya kuruka, hakutafuta diploma. Lakini hakumupa ndeke. Alimutuma kwenye atelye, avae salopeti kama wengine, asafishe silinda na kufungua motere, mikono imejaa mafuta. Kila piloti mupya alipitia pale.

Siku ya kumujaribu ilipofika, Mermoz alitaka kuonyesha ufundi wake wote. Alipindua ndeke juu chini, akaizungusha, wenzake wakamushangaa. Aliposhuka, Daurat alimuambia kama kompani haitafuti watu wa sarakasi. Mermoz akakasirika, akaenda kufunga vitu vyake aondoke. Daurat akamurudisha, akamuomba aruke tena, safari hii ageuke polepole na kushuka taratibu. Mermoz akameza kiburi chake, akatii. Siku ile ndio alipata kazi.

Kile alijifunza siku ile kilimubeba miaka yote. Mwaka wa 1926, kwenye njia ya Casablanca mpaka Dakar, motere ilikufa juu ya jangwa, Wamoro wakamukamata, ikabidi kompani ilipe ili aachiliwe. Mwaka wa 1929, yeye na fundi Alexandre Collenot walikwama katika milima ya Andes, karibu metre 4000 juu. Kwa siku kadhaa walitengeneza ndeke yao ndani ya baridi, kisha wakairusha kutoka kwenye jabali. Hapo, salopeti ya Toulouse ilikuwa na maana kuliko karatasi yoyote.

Mwaka wa 1930 kompani ilitaka kuvusha barua juu ya bahari ya Atlantiki. Ndeke ilikuwa ya kutua juu ya maji, na Mermoz hakuwa na breve ya aina ile. Ingawa alikuwa ameshajulikana, alirudi kuwa mwanafunzi na kufanya mutihani. Tarehe 12 Mei, pamoja na Jean Dabry na Léopold Gimié, akatoka Saint-Louis ya Senegali, na kesho yake wakafika Natal, Brazili, kisha masaa 21 hivi.

Tarehe 7 Desemba 1936, alitoka Dakar ndani ya ndeke Croix-du-Sud. Redio ilipokea habari kama anazima motere moja ya nyuma, kisha kimya. Yeye na wenzake wane hawakuonekana tena. Zilibaki siku mbili afikishe miaka 35.

Leo sheria za kimataifa hazidai diploma ya univerisite kwa piloti. Zinadai breve, mitihani ya hali ya hewa, ya motere na ya kuongoza njia, na masaa 1500 ya kuruka kwa ile breve ya juu ya kompani kubwa. Kompani moja moja inaweza kuongeza masharti yake, basi muzazi aulize mapema. Lakini mutoto asisikie kama Mermoz alifaulu bila kusoma. Alianguka mutihani mumoja, kisha akaendelea kufanya mingine maisha yake yote.